Mawingu Niliyoyakosea

Kaka Mwalimu,

Mama hajambo. Mguu umepona na ulimi umerudi kazini: jana kaniita mchawi wa mvua mbele ya wageni.

Sasa nisikilize, na usikasirike kabla hujamaliza. Wingu zito la chini hurudisha jua juu, nasi tukapoa. Wingu jepesi la juu kabisa hupitisha jua, kisha huzuia joto la ardhi lisitoke, kama blanketi. Mimi, kwa haraka zangu, kwenye kompyuta ya idara yetu ya hali ya hewa nilinakili namba za lile zito nikalivisha jepesi. Ndiyo maana ramani yetu ya joto la miaka ijayo ilionyesha bonde lenu litabaki na ubaridi, nawe ukachora madarasa ya paa la chini na madirisha madogo.

Nilimwambia mkubwa wangu. Akafunga mlango. "Funika kombe mwanaharamu apite. Ukisema, huna kazi."

Kaka, mzuie fundi asiezeke. Watoto watakuja kuokwa humo kama mikate.

Fundi akitaka ushahidi, mwonyeshe barua hii. Mkubwa wangu akija kuuliza nani kasema, mwonyeshe hii hii. Nimeiandika kwa mkono makusudi, mwandiko wangu anaujua.

Mdogo wako,
Mchawi wa mvua