Ushahidi Nilioudai Mwenyewe

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

"Ishara dhaifu kiasi hicho si ushahidi." Ndivyo alivyoandika Telesphory, katibu wa kamati ya uvuvi, kwenye kundi la WhatsApp. Upuuzi! Dhaifu si sawa na hakuna. Athumani, mtoto wa dada yangu Mwasiti, anadaiwa kuvua kwenye ghuba iliyofungwa ili samaki wazaliane. Shahidi ni mmoja, aliona taa kwa mbali. Athumani anasema injini ilizimika, maji yakamchukua yeye na wenzake mbali na ghuba. Botini mwao mna kipokezi cha setilaiti, kilifungwa na kamati yenyewe. Kinarekodi tu ishara zitokazo angani, ambazo huku milimani hufika dhaifu; hesabu hufanywa baadaye na programu ya kompyuta. Basi rekodi ifunguliwe! Nimewashushia waraka mzima. Kundi limenishangilia.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeshinda. Kamati imekubali rekodi ifunguliwe. Nimekutana na Telesphory njiani, hana hata hasira. "Mwandishi, kuna kesi hufa zenyewe ukiziacha." Nikamwambia akalale, haki iko macho. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimefika mtaa wa Rusimbi, kwa Verediana, fundi wa kompyuta, na rekodi ya boti. Usiku ule, boti ilipokuwa, milima iliziba nusu ya anga. Setilaiti zinazosikika vizuri ni mbili, hazitoshi kuonyesha boti ilikuwa wapi. Nyingine zimezama kwenye kelele. Programu ina nakala ya msimbo wa kila setilaiti, inaitelezesha juu ya rekodi mpaka vilingane. Kipande kifupi hakionyeshi kitu. Basi anajumlisha vipande vingi — kelele zinafutana, ishara inapanda.

"Boti ikiyumba sana ishara inaponyoka," kasema. "Hii imetulia, mzee wangu. Imetia nanga."

Zikajitokeza nyingine tatu. Programu ikazishika, ikazifuata. Alama ikatua kwenye ramani — katikati ya ghuba. Haikusogea mpaka alfajiri.

Nikamwomba arudie. Pale pale.

Boti iliyochukuliwa na maji haitulii! Walitia nanga, wakawasha taa, wakasubiri dagaa.

Ndipo nikamwelewa Telesphory. Bila rekodi, shahidi mmoja asingetosha. Alikuwa anamkinga kijana wetu. Na mimi, kwa kelele zangu, nimemvua kinga hiyo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mwasiti kaja asubuhi. Adhabu ni kunyang'anywa nyavu na injini. Injini ni yake, ameinunua kwa biashara yake ya mawese.

"Kaka, sema mashine haisikii vizuri."

Nikamwambia nimeshaandika kwamba inasikia.

"Basi andika tena! Lini wewe umechoka kuandika?"

Akalia, kanga mdomoni. Laiti ningenyamaza Jumatatu!

Kamati inakaa mchana. Verediana kanitumia matokeo mimi kwanza. Nikiyafuta, nani atajua? — Hapana. Nitasimama, niseme hivi:

Wajumbe, na wewe Telesphory: rekodi ni ya kweli, ipokeeni. Nyavu za Athumani chukueni. Lakini Mwasiti hakutia nanga popote. Injini yake iacheni. Kama lazima mchukue kitu cha pili, njooni kwangu, leo hii, mbebe mnachotaka. Mlango wa dada yangu msiuguse.