Moyo wa Torgrim Haupigi Springa

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu Valdres. Mimi sijambo, mume wangu Halstein hajambo isipokuwa goti, mkamwana wetu Sunniva hajambo, mjukuu Birte ameota jino, hata mbuzi ni wazima. Asiye mzima ni mwanangu Torgrim, ndiye aliyenishikisha kalamu mimi niliyeacha shule nikachunge.

Torgrim ni mpiga fidla na Jumamosi kuna mashindano, sasa siku hizi akipanda ngazi ya ghala anahema kama aliyebeba ng'ombe, juzi akaketi chini ghafla akasema anaona kizunguzungu, nikamshika kifundo cha mkono nikasikia mapigo yanakimbia, yanasita, yanagonga mawili, yanakimbia tena, nikamwambia twende kwa daktari, akacheka, "Mama, huo ni moyo wa Valdres, unapiga springa!" na wewe unaijua springa yetu, ngoma ya mapigo matatu yasiyolingana, wageni wakiicheza wanakanyagana, basi wapiga fidla wenzake wawili wakadakia, "Moyo unaokwenda sawasawa ni wa watu wa Oslo, Mama Gudveig!" na Halstein, mtu mzima na mvi zake, akacheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Nikamwachia mkono. Springa nimeicheza tangu utotoni, nikajiambia labda ni kweli. Kumbe mtoto anaogopa daktari atamzuia kushindana. Je, moyo unaweza kushika ngoma ya kwao? Nijibu upesi, Mshauri, Jumamosi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Gudveig

Mama Gudveig,

Salamu zimefika, na naona wenye akili hapo kwenu ni wale mbuzi.

Mwanao ni mpiga fidla asiyejua ngoma. Springa hailingani, sawa, lakini si inarudi vilevile kila mzunguko? Ndiyo maana miguu yako inajua pa kukanyaga. Hata moyo mzima una vituko vyake: huharakisha kidogo mtu akivuta pumzi, huruka pigo mara mojamoja, na wa mwanariadha huenda taratibu. Lakini moyo ambao wewe, mchezaji wa springa, huwezi kuufuata kwa mguu, hauna ngoma, una fujo. Vyumba vyake vya juu huenda vinatetemeka badala ya kusukuma; damu inatuama, inaganda, na bonge likipanda kichwani ni kiharusi. Mkono ukilala, huyo bingwa atapiga fidla kwa meno?

Kuhema na kizunguzungu havingoji Jumamosi. Mpeleke leo, akabandikwe nyaya kifuani, mapigo yachorwe. Fidla ifungie, ufunguo utie kwenye aproni, na atakayesema lini unatoka ni daktari. Akizimia, kifua kikimbana au mdomo ukipinda, piga simu ya gari la wagonjwa papo hapo; usingoje ushauri wa Halstein, goti linamtosha.

Nawe pia nakugombeza. Vidole vyako vilisikia, ukavinyamazisha kwa sababu wanaume walicheka. Wakirudia kucheka, mshike Torgrim kifundo cha mkono, chukua kijiko, gonga mezani kila pigo unalolisikia, kisha waambie hao mafundi wainuke wacheze. Atakayemaliza mzunguko mmoja bila kujikwaa, mpe ufunguo.