Baiskeli Yangu ya Umeme Haitafagia Barabara

Mpendwa Shangazi Ernesta, shikamoo. Baiskeli yangu ya umeme ilichukuliwa Jumanne asubuhi, na mpaka naandika haya imefungiwa nyumbani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Sifael, kama mbuzi aliyekula mahindi ya watu.

Naomba msaada, ila huruma sihitaji. Mimi nabeba ndizi, nazishusha kutoka huku juu Ugweno mpaka Lembeni, nilianza na baiskeli ya kukodi mpaka nikanunua hii mwenyewe, inabeba kilo themanini, kwenye tambarare inafika spidi arobaini na tano, na kupanda mlima ambako wenzangu wanasukuma saa mbili na nusu mimi natumia dakika hamsini. Sasa huku kwetu kila mbeba ndizi akianza kuteremka hufunga tawi bichi nyuma ya baiskeli, linaburuta chini na kupunguza mwendo, lakini mimi nina breki za diski mbili, tawi la nini, nikaliacha. Jumanne kwenye kona nikamgonga Mama Koleta aliyekuwa anapanda na kuni kichwani, akavunjika mkono, nikampeleka hospitali mwenyewe, na yeye anasema hakusikia chochote, wakati alikuwa anatembea katikati ya njia kama yuko sebuleni kwake.

Mzee Sifael akaniambia mbele ya watu, "Hezroni, umeme umefika kwenye baiskeli, kichwani kwako bado haujavutwa." Wakacheka. Sharti lake ni nikubali mkutanoni kufunga tawi kama wengine, ndipo anirudishie. Shangazi, mashine ya kisasa haitafagia barabara. Mkutano ni Jumamosi saa nne. Nijibu kabla, bila kuzunguka: nikubali au nikatae?

Hezroni, Ugweno

Marahaba, Hezroni. Kumpeleka Koleta hospitali ulifanya vizuri, na mzee hakupaswa kukufanya kichekesho. Lakini umenipigia hesabu ya kilo, spidi na dakika, halafu jambo kubwa umeliandika mwenyewe na ukalipita: hakusikia chochote. Angesikia nini? Baiskeli yako haina mlio. Za wenzako husikika tangu kona ya juu, kwa mkwaruzo wa hilo tawi unalolidharau. Mwenye kuni kichwani hainui macho, anasikiliza, kisha anapisha. Koleta alikuwa anasikiliza tawi, na wewe ulikuwa umeliacha mlimani.

Breki zako zinakusimamisha wewe, haziwaambii watu kwamba unakuja. Na usiniletee habari ya kengele, kwenye mteremko ule vidole vyote viko kwenye breki.

Ijumaa nenda kwa Koleta umweleze hivyo kwa mdomo wako. Jumamosi kubali, kisha na wewe uweke sharti: kila baiskeli ya umeme itakayokuja baada ya yako, hata ya mtoto wa mwenyekiti, ishuke na tawi, na tawi lifunguliwe kabla ya kufika barabara ya lami, lisiifagie.

Sasa na mimi nijibu bila kuzunguka, kabla ya Jumamosi saa nne: utafunga tawi, au ndizi utazishusha kwa kichwa?