Nilimwacha Mama Hatua Mia Tatu Kabla ya Ziwa

Bwana Mshauri,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba msaada wako, maana jambo lenyewe siwezi kulisema msikitini wala kazini, na mke wangu ameshachoka kulisikia. Mimi ni karani wa mizigo kwenye reli, nakaa Kuze na mke wangu Mbeyu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, Bi Nyevu, ambaye tangu kuolewa kwake hajatoka kisiwani ila kuvuka Likoni kwenda mazishini.

Sisi wa reli kila mwaka hupewa pasi ya kusafiri pamoja na jamaa zetu, na kwa kuwa vita vimekwisha na mabehewa hayajai askari tena, mwaka huu nilisema niwapeleke watu wangu Taveta wakatembee vilimani na kuliona ziwa Chala, na mwenzangu Kombe, karani kama mimi, akaja na mkewe na watoto wake watatu. Mama aliniuliza hicho kilima ni kikubwa kiasi gani, na mimi ambaye maishani mwangu sikuwahi kukanyaga kilima nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyepima, nikasema ni kama kutoka hapa Kuze mpaka Liwatoni, tena bila ya kusukumwa na mikokoteni. Akasema, "Basi si kitu. Liwatoni naenda hata nikiwa na saumu." Bwana Mshauri, sisi watu wa kisiwani tunapima ardhi kwa mitaa, hatujui kuwa kuna mahali ardhi nayo husimama.

Basi tukaenda, tukabadilisha gari Voi, tukalala Taveta kwa rafiki yetu wa stesheni, na asubuhi akatutafutia lori likatufikisha chini ya kilima na kuahidi kurudi alasiri. Mama alikuwa amekaanga sambusa na samaki wa chumvi usiku wa kuamkia safari, kikapu kizima, na amevaa makubadhi mapya ambayo nilimwambia yatafaa. Ziwa hilo limekaa ndani ya kilima kama mchuzi ndani ya bakuli, huoni hata tone la maji mpaka ufike ukingoni, kwa hivyo unapanda tu na huna unachokiona ila nyasi na mawe na mgongo wa aliyekutangulia, na aliyetangulia ni Kombe na watoto wake, wakikimbia kama mbuzi. Mama alipumzika mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tano, na kila akikaa nilisimama juu yake nikitazama saa.

Kombe akageuka akapiga kelele kutoka juu, "Yakhe! Umeleta jamaa au umeleta mizigo? Au ndio kazi umekuja nayo?" Watoto wakacheka, na mkewe akacheka. Mama akasikia. Akakaa juu ya jiwe, akavua kubadhi moja, akasema, "Endani, mwanangu. Mimi ntawangoja hapa na chakula. Nyinyi endani mukaone."

Mbeyu akasema atabaki naye, mimi nikamwambia, "Watoto nitawashika peke yangu? Ni robo saa tu." Tukamwachia mama kikapu, na chupa za maji tukazichukua sisi kwa kuwa watoto wataona kiu. Nilihesabu hatua kutoka jiwe lile mpaka ukingoni, maana ni mazoea ya kazi yangu kuhesabu, na hazikufika mia tatu.

Tulipofika juu, Bwana Mshauri, sina maneno. Maji yako chini kabisa, mabichi kama majani, yametulia, na ukiita, ng'ambo inakujibu. Binti yangu aliita jina lake mpaka sauti ikamkauka. Kisha watoto wa Kombe wakaona njia ya kushuka mpaka majini, wa kwangu wakalia, tukashuka huku tumeshikana mikono, tukaosha uso, tukanywa, na kupanda kwenyewe kukawa kama kupanda ukuta, na nilipotazama saa tena, robo saa ilikuwa imeshakuwa saa tatu kasorobo.

Mama hakuwapo kwenye jiwe. Sitaki kukueleza nilivyoteremka kilima kile. Tulimkuta chini barabarani, mahali pa lori, amekaa na mama mmoja wa Kitaveta aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe wake, akamwona peke yake juani, akamshika mkono taratibu mpaka chini na kikapu akakibeba yeye kichwani. Wala hawakuwa wakisikilizana lugha sawasawa. Mama akaniuliza, "Muliliona?" Nikasema tuliliona. Akasema, "Alhamdulillahi," akafungua kikapu akaanza kuwagawia watoto, na sambusa zilikuwa zimetimia vilevile, hakula hata moja, alikuwa akitungoja. Akaomba maji. Nikatikisa chupa, ilikuwa tupu.

Ningeishia hapo ungenipa ushauri wa kumpelekea mama zawadi na mambo yaishe. Lakini tuliporudi Kuze majirani walikuja kutupa pole ya safari, na Bi Zarina, mke wa Tayebali mwenye duka la vitambaa, akamuuliza mama, "Haya Bi Nyevu, hebu tupe habari za hilo ziwa." Nami nikangoja aniaibishe. Mama akawasifia. Akasema maji ni mabichi yametulia, akasema ukiita ng'ambo yakujibu, na mimi nilijua kila neno lilitoka wapi, ni maneno ya binti yangu kwenye gari la moshi, aliyoyasema kutoka Voi mpaka Makupa bila ya kupumzika. Bi Zarina akauliza, "Na maji yenyewe ni matamu au ya chumvi?" Hilo binti hakulisema. Mama akanitazama, kisha akasema, "Matamu. Mwanangu huyu alinitekea kwa kiganja chake, akaninywesha."

Sasa Kuze nzima nasifiwa kuwa mimi ndiye mtoto. Tayebali na majirani wengine wanne wanataka likizo ya Idi niwaongoze na jamaa zao, wazee kwa watoto, ati kwa kuwa najua kutembea na mzee. Mama tangu siku ile akiinuka hushika ukuta. Mbeyu aniambia niseme kweli nipumue. Nikisema, mama yangu ataonekana mwongo katika uzee wake. Nikinyamaza, nitakula sifa ambayo kila ikipita kooni hunikwama. Na jambo moja nimelificha mpaka hapa mwisho, hata Mbeyu hajui kama nalikumbuka: Kombe alipotutania kwa neno lile la mizigo, na mimi pia, Mungu anisamehe, nilicheka. Nifanye nini?

Aliyejuta, Kuze


Ndugu yangu wa Kuze,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi. Umeficha jina lako vizuri. Kwa bahati mbaya umetaja reli, Taveta, duka la vitambaa na mtaa, kwa hivyo gazeti hili likifika kwenu asubuhi, kufikia adhuhuri wasiokujua watakuwa ni wageni tu. Majina nimeyabadilisha yote, na mahali pa duka nimepasogeza kidogo. Hilo ndilo la kwanza nililokufanyia.

Unanitaka nichague: umuaibishe mama yako au ujilie sifa. Sichagui. Hayo yote mawili ni mambo ya barazani, na kosa lako hukulifanyia barazani.

Kwa kalamu yangu nimetafuta mahali ulipomwambia mama yako "nisamehe". Hapapo. Umemwambia mkeo mpaka amechoka. Umemwambia Mungu. Umeniambia mimi, mtu usiyenijua hata sura, kwa kurasa nne za mwandiko mzuri wa kiofisi. Anayelala chumba cha pili ndiye peke yake ambaye hajaambiwa. Unalia kwa kila mtu isipokuwa kwa mwenye haki ya kukusikia, kisha unashangaa kwamba hupumui.

Tena usijifiche nyuma ya maneno ya kwamba ni yeye aliyesema "endani". Alisema baada ya kuitwa mzigo na kumwona mwanawe akicheka. Ungetaka aseme nini? Na wewe, karani wa mizigo, gunia la mtu usiyemjua huliachi njiani bila ya stakabadhi. Mama yako ulimwachia samaki wa chumvi na jua, na maji ukaondoka nayo.

Sasa sikiliza. Kweli za hadithi hii ni mbili. Iliyo yako ni kwamba ulikwenda mbio na safari ukaipanga vibaya. Hiyo mwambie Tayebali leo, mwambie na mwingine yeyote atakayekusifu: "Bwana, mara ile niliharakisha, nilikosea, usinisifu." Maneno sita yanatosha, usitie chumvi. Kama mama yako aliliona ziwa au hakuliona, hiyo ni kweli yake yeye. Amekufunika mbele za watu kwa nguo aliyoishona mwenyewe, na wewe ukiivua ili uonekane mkweli, atakayebaki uchi si wewe. Usimguse.

Kuhusu safari ya Idi, nenda uwaongoze. Mtu aliyekosea pale ana faida kuliko yule asiyewahi kufika. Ila hiyo habari ya Liwatoni iache kwenye ramani ya kisiwa. Ukifika, waulize wenyeji ni muda gani kwa miguu ya bibi kizee, si kwa miguu yao. Mwondoke alfajiri jua likiwa bado halijakasirika. Makubadhi mapya yabaki nyumbani, watu wavae viatu walivyokwisha kuvizoea. Kila mmoja abebe maji yake, hata mtoto. Mbele kabisa umweke mwenye miguu mizito kuliko wote, na asipitwe na mtu; Kombe akiona anacheleweshwa, mpe kikapu akae nyuma, atapata la kufanya. Mmoja akikaa, wote wakae. Na ikiwa siku hiyo ukingo haufikiki, mteremke nyote pamoja bila ya kuliona ziwa. Watu wengi wamekufa bila ya kuliona na hawakuulizwa kaburini.

Kisha mama yako. Nakujua utataka umpakie kwenye gari la kwanza ukamwonyeshe maji, umtekee kwa kiganja kama alivyosema, ili uongo wake uwe kweli na wewe uwe mwana mwema. Polepole. Punda wapo huko, na njia ya kwenda kidogo kidogo ipo, lakini muulize kwanza, na ukiuliza umaanishe kuuliza. Akisema anataka, mpeleke hata ikiwa ni siku mbili za njiani. Akisema magoti yamekataa, usimbembeleze. Usimpandishe mtu kilima mara ya pili ili wewe upate usingizi.

Na hayo yote ni baada. Kwanza ni leo, alasiri, watoto wakiwa chuoni wakisoma Kurani, na Mbeyu ukimwomba atoke kidogo. Ingia chumbani kwa mama yako, ukae chini, si juu ya kiti. Mwambie ulimwacha. Mwambie kwamba maji ulikuwa nayo. Mwambie na kile kicheko, hasa kicheko, maana yeye alikisikia, na kwa miezi yote hii ameubeba mzigo huo peke yake akidhani hukumbuki. Usimweleze Kombe alisema nini, usimweleze saa ilikwenda vipi. Ukimaliza, nyamaza. Akilia, nyamaza. Akikutukana, pokea. Akisema "si kitu, mwanangu", usiondoke mbio kama mtu aliyepigiwa muhuri. Kaa hapo mpaka akuruhusu kuinuka.

Wala usiniandikie tena kunieleza alikujibu nini. Jibu lake si la gazeti.