Juisi ya Karoti kwa Mahlon

Mount Hope, Ohio
12 Mei

Dada Verna mpendwa,

Pokea salamu zetu, mimi, Mahlon na watoto. Sote wazima, ng'ombe wawili wamezaa, na mvua imetupa nafasi tukapanda viazi. Mguu wako unaendeleaje? Na jua la huko Florida, limewahurumia au bado linawababua?

Maelekezo yako nayafuata neno kwa neno. Asubuhi Mahlon anakunywa karoti na sukuma wiki, mchana anabeba nyanya zilizopikwa kwa mafuta mpaka zikashikana. Kabla hajaenda kuezeka nampaka yale mafuta ya mbegu za karoti uliyotutumia kwa basi. Viganja vyake vimegeuka rangi ya chungwa! Wenzake wanamtania kule juu ya paa: "Mahlon, mwaka huu hatupandi maboga, tutakuchuma wewe." Naye anawajibu, "Heri mimi boga kuliko nyinyi nyama ya kuchoma."

Ile krimu ya dukani ya kukinga jua niliitupa kama ulivyosema. Kofia nayo ameiacha msumarini, kwa sababu uliandika kwamba ngozi iliyoshiba haina haja ya kufunikwa. Shemasi alimkuta kichwa wazi akamkemea, kwamba mwanamume wa Kiamishi hatembei bila kofia. Nikamwambia Mahlon avumilie, dada yangu anajua anachosema.

Ila kuna jambo moja. Nyuma ya sikio lake pana kidoa cheusi, kingo zake zimekwenda upande upande. Yeye anasema amezaliwa nacho. Dada, mimi ndiye ninayemnyoa tangu tuoane, na sikikumbuki hata kidogo. Nimwite yule dereva wa kukodi ampeleke kwa daktari, maana ni mbali mno kwa kigari chetu cha farasi?

Mdogo wako,
Saloma

*

Pinecraft, Florida
20 Juni

Saloma mdogo wangu,

Nisamehe kwa kuchelewa, wiki hizi zimenibana. Mguu haujambo, baiskeli yangu ya magurudumu matatu inanifikisha kote. Salimia watoto, na mwambie shemeji boga langu lisinioze kabla sijaja kulila.

Daktari wa nini? Hao kazi yao kisu. Wakishakata wameuamsha ugonjwa, unatawanyika mwili mzima. Wewe paka ile marhamu nyeusi niliyokutumia pamoja na mafuta, funika kwa jani la mboga lililochemshwa, na uongeze nyanya. Mwili uliolishwa vizuri hujitibu wenyewe. Mimi nina miaka minane chini ya jua hili, na wanawake wanaokuja barazani kwangu kila Alhamisi huniuliza nimeutoa wapi uso wa msichana. Nawajibu, jikoni!

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wewe umesikia daima, ndiyo maana nakupenda.

Dada yako,
Verna

*

Mount Hope
3 Septemba

Dada Verna,

Salamu kutoka kwetu. Watoto hawajambo. Mahindi yamekubali.

Hali ya Mahlon sijui niisemeje. Kidoa kimekua, na kikiguswa kinatoa damu. Marhamu inamuunguza, usiku anauma shuka. Juzi dereva alikuja mpaka mlangoni, Mahlon ameshavaa viatu. Nikamshika mkono nikamwambia, "Subiri kidogo, baba. Verna amekataza kisu." Akanitazama, akasema, "Mke wangu, unamwamini Verna kuliko macho yako mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo. Akavua viatu.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kama tulivyokuwa tukiambiana kitandani kwa mama. Ingekuwa ni uso wako, ungengoja?

Mdogo wako,
Saloma

*

Pinecraft
1 Oktoba

Saloma,

Salamu kwa wote. Ningengoja. Nyanya na subira, mdogo wangu. Naandika kwa haraka, wageni wako barazani.

Dada yako,
Verna

*

Mount Hope
17 Januari

Verna,

Nakusalimu, kwa kuwa mama alitufundisha kusalimia.

Mwezi wa kumi na moja Mahlon hakuniomba ruhusa. Alikwenda mwenyewe mpaka kibanda cha simu cha njiani kumpigia dereva, akaondoka. Walimkata, lakini uvimbe ulikuwa umeshashuka shingoni. Daktari ni kijana mpole. Alisema karoti hazina kosa, nyanya nazo chakula kizuri, aendelee kuzila. Lakini hakuna chakula cha kumlinda mtu anayeshinda juu ya paa kichwa wazi. Kofia ingemsaidia. Krimu ingemsaidia. Na kama angekuja mwezi wa tano, pengine wangemkata na mambo yakaishia pale. Nilitazama sakafu wakati wote, sikuweza kumwangalia Mahlon.

Nikajisemea, Verna alikosea, na binadamu hukosea. Nilikuwa nimeshaanza kukuandikia nikufariji. Ndipo binamu Drusilla akashuka kwenye basi kutoka kwako, akaja kumjulia Mahlon hali. Tukiwa tunakunywa kahawa akasema, "Heri Verna yeye aliwahi. Kovu la shavuni halionekani kabisa."

Nikamuuliza, kovu gani?

Maskini Drusilla, alidhani najua. Alidhani madada hawafichani. Akanieleza kwamba yeye ndiye aliyekusindikiza kwa daktari mapema mwezi wa sita, na kidoa chako kikakatwa siku hiyo hiyo. Kwamba ulikuwa na krimu ya dukani, unajipaka kila asubuhi umefunga mlango wa bafu, kisha unakwenda barazani kuwafundisha watu karoti.

Mwezi wa sita, Verna! Uliniandikia nisimpeleke kwenye kisu huku mshono wako mwenyewe haujakauka. Nilikuuliza ungengoja, ukasema ungengoja. Mimi nililisikia la mkuu na guu limevunjika vilevile. Adui asingeniweza hivi, maana adui nisingemfungulia mlango.

Saloma

*

Pinecraft
2 Februari

Mdogo wangu Saloma,

Nimelia mpaka macho yamevimba. Yote aliyosema Drusilla ni kweli.

Niliogopa. Kile kidoa kilipotokea shavuni nilifikiria wale wanawake wote walioacha krimu kwa neno langu. Nikijitangaza, nitaonekana nani? Nikasema nitakatwa kimya kimya, karoti ziendelee. Cha shemeji nilidhani ni alama tu. Kweli nilidhani, au nilitaka kudhani, sijui tena.

Naja kumuuguza Mahlon, ukiniruhusu. Na nakukumbusha kwa upole, Ushirika Mtakatifu unakaribia, na askofu atamuuliza kila mmoja kama ana amani na watu wote. Tumelelewa kusamehe, Saloma. Usiniache nje.

Dada yako daima,
Verna

*

Mount Hope
21 Aprili

Verna,

Barua zako tano za baada ya ile nimezipokea. Sikuzijibu kwa sababu nilikuwa namgeuza Mahlon kitandani, kisha nikawa namzika. Alifariki tarehe kumi na moja Machi, asubuhi, watoto wakiwa wanakamua. Majirani walichimba kaburi na kuleta pai zaidi ya tulivyoweza kula. Yeye alikusamehe. Alisema hasira haitampunguzia uvimbe, akacheka kidogo. Hayo ni yake, nakufikishia kama alivyosema.

Jumapili iliyopita tulikutana kwa maandalizi ya Ushirika. Unajua desturi, mtu mmoja akisema hana amani, meza ya Bwana inaahirishwa kwa wote. Askofu na shemasi walipita benchi kwa benchi, na kila mwanamke aliitikia. Walipofika kwangu askofu aliniuliza kwa sauti ya chini, naye alikuwa anajua. Wote walikuwa wanajua. Ilikuwa niseme neno moja tu, watu wakale.

Nikasema sina.

Meza imeahirishwa. Wengine hawanisalimii vizuri, na mama mkwe ananiambia ninawanyima watu mkate kwa ajili ya moyo mgumu. Askofu amekuja mara mbili kunibembeleza nikubali hata kwa mdomo tu, moyo utafuata nyuma. Nimemwambia ya mdomo tu nimeshapewa na dada yangu, na mume wangu yuko makaburini.

Siku nikikusamehe nitakusamehe kweli, na utaambiwa. Mpaka siku hiyo usije.

Mjane wa Mahlon