Maji kwa Mkwe Aliyeumwa na Popo

Walikale, 6 Februari 1957

Kwa dada yangu Victorine,

Salamu nyingi kutoka msituni. Mimi ni mzima. Mguu wa Mama unaendeleaje? Maharage yameota?

Kazi nimepata, nawe utacheka: nakamata popo. Daktari mmoja wa wanyama anataka kujua kama kichaa cha mbwa kinaishi ndani yao pia. Anasema ugonjwa hukaa katika mate. Pangoni popo hulala wamebanana, wakigombania nafasi, wakiumana. Mgonjwa mmoja akihamia pango lingine, anawaambukiza wa huko. Ajabu ni kwamba si wote wanaokufa. Wengine damu yao huushinda, wanaendelea kuzaa, na watoto wao wapya ndio wanaouchukua tena.

Wawindaji wa hapa wananishangaa sana. Tukishawatoa damu nawarudisha pangoni popo ambao wao wangewakausha juu ya moto.

Mwambie mchumba wangu Hélène arusi yetu ya baada ya Pasaka iko palepale.

Mdogo wako, Isidore

Kingi, 27 Februari 1957

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Mguu wa Mama umepona, na ulimi wake haukuwahi kuugua. Barua yako nilimsomea mara mbili kwa sababu hakuamini. "Mimi nilizaa mutoto, akasoma, sasa anakamata popo?"

Papa Ndagijimana, baba yake Hélène, alipita hapa akaniuliza unafanya kazi gani. Nikamjibu uko na daktari, basi. Mdogo wake aliumwa na mbwa mwenye kichaa. Alikufa na kiu, maana kila alipoletewa maji koo lilimkaba. Mzee hajasahau, kwa hiyo usicheze. Vaa glavu zako.

Dada yako, Victorine

Walikale, 20 Machi 1957

Dada,

Nawauliza afya yenu mapema, maana yangu ina maneno.

Popo ameniuma kidole. Fundo la mfuko lilinishinda, nikavua glavu. Kwa maumivu nikamrusha, akaenda zake, na hilo lilimkasirisha daktari kuliko glavu: angempata, angempima akajua kama ni mgonjwa. Sasa hatujui kitu. Alinisugua kidole kwa sabuni mpaka ngozi ikataka kutoka. Kesho napelekwa hospitali ya mjini kwa sindano za tumbo. Anasema zikianza mapema zinazuia.

Naogopa, dada. Nimekuambia wewe tu. Papa Ndagijimana asisikie.

Mdogo wako, Isidore

Kingi, 8 Aprili 1957

Mdogo wangu,

Unaendeleaje? Tumbo je?

Nilimwambia Mama peke yake. Mama akamwomba katekista akuombee. Jumapili, kanisa limejaa, katekista akasema kwa sauti: "Tuombee Isidore, popo ilimuuma." Majirani wa Papa Ndagijimana kutoka Nyabiondo walikuwa benchi la mbele.

Papa Ndagijimana amesimamisha arusi. Hakumtukana mtu. Alisema tu, "Siwezi kutoa mutoto yangu kwa muntu mwenye tutazika." Hélène analima kama kawaida, lakini amekataa kurudisha kitambaa ulichompa.

Niandikie hata mstari mmoja. Kila lori likipita, Mama anatoka barabarani.

Dada yako, Victorine

Nyabiondo, 2 Juni 1957

Dada yangu,

Hamjambo? Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kuandika kabla ya kujua kama nitaishi. Sindano zimekwisha, na daktari ameniruhusu kurudi.

Nimekuja moja kwa moja kwa Papa Ndagijimana. Hakunisalimia. Aliingia ndani akatoka na kibuyu cha maji, majirani wamejaa uani.

"Kunywa, mutoto."

Nikanywa yote.

"Ongeza ingine."

Nikanywa. Alipotaka kujaza tena nikamwambia, "Papa, popo haikuniua, lakini maji yako itaniua."

Watu walicheka. Yeye alikaa chini akalia. "Mudogo yangu njo alishindwa kunywa hii maji." Nilikaa karibu naye, nami nikalia, sioni haya kukuambia.

Kisha Hélène akaleta kibuyu kingine. Nikasema nimeshiba maji. "Onja kwanza," akasema. Ilikuwa pombe ya ndizi, na mrija mmoja. Nilipokunywa, mzee akakivuta kibuyu kwake, na mbele ya wote akanywa kwa mrija uleule, bila kuufuta.

Jumamosi njoo na Mama tupange arusi. Na mwambieni katekista alitangaze hilo pia.

Mdogo wako, Isidore