Bi Gunnvor Aliuliza Breki Iko Wapi

Skarvdalen, tarehe 14 Januari

Bi Aslaug mpendwa wa safu ya ushauri gazetini,

Nimeamua kukueleza yote, hata yale yanayonifanya nionekane mbaya, kwa sababu mwalimu wetu wa lugha husema mtu akiomba ushauri huku ameficha nusu ya habari, ushauri atakaoupata utakuwa wa mtu mwingine. Jina langu ni Tiril, nina miaka kumi na mitano, na huteleza kwa ubao wa theluji katika klabu ya hapa bondeni, ile yenye kibanda chekundu chini ya lifti ya kupandisha watu mlimani. Nimekasirika, na sitaki hasira initoke kabla sijajua kama nina haki nayo.

Ukutani mwa kibanda chetu kumetundikwa ubao wa zamani wa theluji uliovunjika ncha. Juu yake wakubwa wa klabu huandika maswali ya watu wanaoanza, pamoja na majina yao, na kwenye sherehe ya kufunga majira ya theluji maswali hayo husomwa mbele ya wote, na aliyeuliza swali la kijinga kuliko yote hupewa brashi ya choo iliyofungwa utepe mwekundu. Kila mtu hucheka. Swali langu pia limo, kwa sababu nilipokuwa na miaka minane niliuliza kama ubao ukinitoka mguuni utajua njia ya kurudi nyumbani, na kaka yangu Sindre akaliandika, na tangu siku hiyo sikuuliza kitu tena, ndiyo maana majira mazima niliteleza mguu wa kushoto ukiwa mbele kwa kuwa wenzangu wote walifanya hivyo, nikawa naanguka kuliko wote, hadi siku niliyoteleza kwa viatu kwenye barafu ya uwanja wa shule nikaona mwenyewe kwamba mguu wangu wa mbele ni wa kulia. Swali moja tu lingetosha. Sikuthubutu kuliuliza.

Basi kabla ya Krismasi alikuja kibandani Bi Gunnvor, dereva wa basi letu la shule. Kila siku ya michezo ya theluji yeye hutuleta mlimani, kisha hukaa kwenye maegesho na chupa yake ya kahawa na mkate wa jibini la kahawia mpaka tushuke. Siku hiyo alizima injini, akaingia akikung'uta theluji mabegani, akasema mwaka huu na yeye atapanda juu.

"Miaka yote mnaniachia basi tupu," alisema. "Nataka nione mnakimbilia nini huko."

"Karibu sana, Bi Gunnvor," nikamwambia.

"Haya, niambieni. Buti ninunue kubwa kidogo, ziingie soksi mbili za sufu, sivyo? Na huu ubao wenu, nikitaka kusimama, breki iko wapi?"

"Breki umeiacha kwenye basi, Bi Gunnvor!" akasema Sindre, na kibanda kizima kikapasuka kwa kicheko. Rafiki yake Jomar alikuwa ameshashika kalamu. "Rudia polepole, mama, niandike vizuri."

"Mnacheka nini? Chombo kisicho na breki mimi siendeshi."

Wakacheka zaidi. Mimi nilisema kwamba hilo ni swali zuri, nikalisema kwa sauti, lakini Sindre alinipiga begani akaniambia nisimtie moyo, maana atakuja kudai na honi. Bi Gunnvor alitabasamu pamoja nao. Kisha aliona jina lake likiandikwa ukutani, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akasema ana watoto wa kuwachukua, nami nilijua kwamba saa ile hakuna watoto wa kuchukuliwa popote.

Hakuuliza mtu tena. Alinunua vitu vilivyotumika kutoka kwa mtu asiyemjua, kwenye mtandao: buti kubwa zenye nafasi ya soksi mbili, kama alivyodhani, na ubao mrefu na mgumu uliokuwa wa mwanamume mkubwa kuliko mlango wetu. Jumapili moja alikwenda peke yake kwenye kilima cha watoto, kisigino kikawa kinanyanyuka ndani ya buti, akiinamia huku, ubao unakwenda kule, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono. Sasa yuko nyumbani na plasta, na basi letu linaendeshwa na mtu wa mjini asiyejua hata nani hushuka wapi, na kila akisimama kituoni wavulana wa viti vya nyuma hupiga kelele "Breki! Breki!" na kucheka, kana kwamba mkono wa mtu haukuvunjika.

Hapo ndipo nilipochukua ule ubao ukutani nikaenda nao nyumbani. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilinunua kalamu ya rangi nyeupe nikajibu kila swali lililoandikwa pale. Chini ya swali la Bi Gunnvor niliandika kwamba breki ni ukingo wa chuma ulio chini ya visigino na vidole vyako, na ili ukingo huo ukutii buti lazima ikubane, vidole viguse mbele kidogo tu, kisigino kisinyanyuke, na soksi moja ya sufu inatosha. Mtu mwingine aliwahi kuuliza kama ubao huchaguliwa kwa rangi, nami nikamjibu kwamba huchaguliwa kwa uzito wako kwanza na urefu wako baadaye, uwe laini kama ndiyo unaanza, na usiwe mwembamba mno kwa buti zako, la sivyo vidole vitakwangua theluji kila ukigeuka. Swali langu mwenyewe nalo nililijibu: hapana, haujui njia, ndiyo maana mara ukiufungua mguuni unaulaza kifudifudi kwenye theluji. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: MASWALI YOTE YANAKARIBISHWA, WALIOCHEKA PIA WAULIZE. Kisha nikautundika kwenye nguzo ya lifti, mahali watu wanapopanga foleni.

Jumamosi asubuhi watu walikuwa wakiusoma kwa sauti. Baba mmoja alimkalisha mtoto wake pale pale kwenye theluji akamvua soksi ya pili. Bi Aslaug, sijawahi kuona kitu kilichonifurahisha hivyo.

Sindre hakufurahi. "Umetuaibisha mbele ya bonde zima!"

"Nyie ndio mlioandika. Mimi nimejibu tu."

"Ule ni utani wa klabu, Tiril. Umeanza kujiona nani?"

"Basi nijibu wewe. Bi Gunnvor alitakiwa apewe ubao wa urefu gani?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Toka chumbani kwangu!"

Mwenyekiti wetu, mzee Oddvar, si mtu mbaya, lakini hapendi kelele. Amesema niupige ubao msasa mpaka majibu yangu yote yatoke, niurudishe ukutani, na Alhamisi kwenye mkutano niwaombe wakubwa wa klabu msamaha kwa kuwadhalilisha. Nisipofanya hivyo, Jumamosi sitasimama kwenye meza ya vifaa katika soko la mitumba la klabu. Soko hilo hufanyika kila mwaka baada ya Krismasi, miguu ya watoto inapokuwa imekua na wazazi wanauziana buti na mbao, na karibu kila mtu anayeanza hapa bondeni hupata vifaa vyake siku hiyo. Nisipokuwepo watasimama Sindre na Jomar, na atakayeuliza atachekwa, na atakayeogopa kuuliza ataondoka na buti kama zile za Bi Gunnvor.

Mama anasema, "Ni neno moja tu, mwanangu, sema yaishe." Lakini nikilisema nitakuwa nimekubali kwamba kujibu swali ni kosa, na mimi sikubali, sitakubali hata wakininyima kibanda chote. Nisiposema, nitabaki na msimamo wangu nyumbani huku watu wakinunua vibaya. Kila ninapogeuka nawaangusha wale wale ninaowatetea.

Najua gazeti hutoka Jumatano, siku moja kabla ya mkutano, na bado nina matumaini kidogo. Tafadhali nijibu mara moja, kwa posta ya kwanza: niombe msamaha, au nikatae?

Wako mwaminifu,
Tiril

*

Tiril,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, na kahawa ikapoa. Nianze na kukukaripia, tumalize, kisha tufanye kazi.

Ubao ule ni wa klabu. Uliuchukua bila kuomba, na kuwa na haki hakukupi ruhusa ya kubandua kitu ukutani mwa watu. Lile la "waliocheka pia waulize" nalo ni tamu kuandika, lakini ni kofi, na hakuna aliyepigwa kofi akauliza swali. Hayo ni madogo. Kubwa ni hili: umeniandikia barua ndefu hivi, na sijaona mahali ulipogonga mlango wa Bi Gunnvor. Jina lake liliandikwa ukutani bila yeye kuulizwa, ukakasirika, halafu wewe ukalitundika kwenye nguzo ya lifti bila yeye kuulizwa. Umesimama upande wake bila kumtazama usoni. Aibu kidogo, mwanangu.

Kwa hiyo leo hii, kabla ya kazi za shule, nenda kwake. Muulize mkono unaendeleaje. Muulize kama anataka swali lake libaki pale au lifutwe. Akitaka lifutwe, futa hilo moja kwa mkono wako mwenyewe, na jibu uliache, litamfaa mwingine.

Alhamisi nenda mkutanoni. Simama useme: "Samahani, nilichukua ubao bila ruhusa." Kisha kaa chini. Usiongeze neno, usilie, usieleze. Wakikuuliza kuhusu majibu, sema majibu ni sahihi na anayeona kosa aonyeshe. Msasa usiuguse. Mama yako anasema ni neno moja tu. Basi toa neno moja, kwa kosa moja ulilolifanya kweli, na la pili wasipate hata wakilisubiri hadi theluji iyeyuke.

Huenda Oddvar akakunyima meza. Mimi namfahamu, akiwa anaogopa kelele hufanya mambo ya haraka. Acha ainyime. Meza ni ya klabu, lakini maegesho ni ya wilaya, na sisi wakazi tunayalipia kwa kodi. Beba kiti, chupa ya chai na buti mbili za saizi tofauti, ukae pale watu wanapotoka kwenye magari, kabla hawajafika kwa kaka yako. Kama Bi Gunnvor yuko tayari, mwekee kiti cha pili. Hakuna anayeyajua maegesho yale kuliko yeye.

Na ukijibu, jibu kwa adabu. Mtu asikuondokee na buti kabla hajavaa zote mbili, akasimama, akakunja magoti, na wewe ukaona visigino vimetulia. Uzito ni lazima uuulize, lakini uzito wa mtu mzima hauulizwi kwa sauti ya kuita basi. Mwenye hela kidogo mwambie azitumie kwenye buti, ubao akodi. Usilolijua, sema hulijui. Anayeanza husamehe jambo hilo upesi kuliko unavyofikiri, na wewe utalala vizuri.

Sindre mwache apoe. Amekutoa chumbani kwa sababu ulimuuliza jambo asilolijua, na yeye alishajizoeza kwamba asiyejua huandikwa ukutani. Ubao ule umemfunga mdomo hata yeye aliyeshika kalamu. Siku akija kwenye kiti chako na swali lake, mjibu kama mgeni mwingine yeyote, na usicheke hata kidogo. Najua litakuwa gumu.

Sasa zamu yangu. Nimezaliwa chini ya mlima huu, nina miaka sitini na mmoja, na sijawahi kusimama juu ya ubao wa theluji, kwa sababu habari za ile brashi ya choo zimenifikia hata mimi. Jana, baada ya barua yako, nilimwambia mume wangu anisukume kwa nyuma jikoni bila kunionya, nione ni mguu upi utatangulia. Ukatangulia wa kushoto. Nikamwambia arudie, akarudia kwa furaha kupita kiasi, ukatangulia wa kulia, na bakuli la unga likaanguka. Jumamosi nitakuja maegeshoni, na nitauliza kwa sauti, Jomar akitaka aje na kalamu yake. Lakini nijibu kwanza wewe, kwa posta ya kwanza: mtu wa namna yangu anafungiwa mguu upi mbele?

Aslaug